Stelingi hauawi, sawa. Na asiye stelingi anaishije?

Mchuuzi_wa_Sini

Habari wakuu. Naomba kueleweshwa na wanaoijua kazi ya uigizaji kwa ndani.

Maisha ya stelingi tunayajua: bango lake, bei yake, na risasi hazimpati. Swali langu ni la yule mwingine, ambaye sura yake kila mtu anaijua na jina lake hakuna anayelikumbuka. Vitabu vya fasihi shuleni vinamwita mhusika mjenzi, yaani yupo ili mkuu aonekane mkuu. Mtaani anaitwa tu "yule mzee wa kwenye ile filamu".

Chukueni mfano wa Edi Gathegi. Kazaliwa Nairobi 1979, kakulia Albany, California. Kwenye Crank ya 2006 mhusika wake hakupewa hata jina, kwenye orodha kaandikwa dereva teksi Mhaiti. Julai 2025 yumo kwenye Superman kama Mister Terrific, na watu wanatoka ukumbini wakimtaja yeye. Hiyo ni miaka 19. Hapo katikati kawa daktari, muuza unga, mnyonya damu, tajiri wa roketi, na karibu kote huko bango lilikuwa la mtu mwingine.

Ninachotaka kujua: mtu wa namna hii anafanya nini kwenye seti hadi aitwe tena na tena? Ukishabandikwa lebo ya mlevi au mama mkwe mkorofi, uing'ang'anie au uikimbie? Pesa inatoka wapi hasa? Na kwa huku kwetu, mtu akipewa sini tatu kwenye tamthilia, ajiandae vipi?

Tafadhali msinijibu "jiamini tu".

---

Kabati_la_Barakoa

Mkuu, mfano ni mzuri ila umeuruka utamu wake. Huyo mzaliwa wa Nairobi amecheza Mhaiti mara nne. Huyo dereva teksi wa 2006 ndiye wa kwanza. Wa pili ni Cheese, muuza dawa za kulevya wa Boston kwenye Gone Baby Gone, 2007. Wa tatu Jean Baptiste, msimu wa 5 wa Justified, 2014. Wa nne Ronald Dacey, mkubwa wa genge Miami, kwenye StartUp, 2016 hadi 2018. Weka pembeni Laurent wa Twilight, 2008, naye ana lafudhi ya Kifaransa.

Sasa wapange hao wanne kwa mstari. Asiye na jina. Mwenye jina na sini chache za kukumbukwa. Mhusika wa msimu. Halafu mmoja wa wahusika wakuu, misimu mitatu, vipindi 30. Lebo ni ileile, kilichopanda ni cheo ndani ya lebo. Ndiyo maana ukiuliza "ning'ang'anie au nikimbie" unakuwa umeuliza nusu. Uliza kwanza kama kila mara unayorudi kwenye lebo ile unapewa zaidi ya mara iliyopita: jina, siku nyingi zaidi, sini ambayo stelingi hayumo. Ukirudi mara ya tatu kwa ukubwa uleule, hapo lebo imeshageuka kuwa kifungo.

Kwa nini lebo ipo? Msaka waigizaji hatafuti kipaji kwa maana ya jumla. Ana shimo la kuziba kabla ya siku ya kupiga picha, na kichwani mwake kuna sura za watu walioziba mashimo kama hilo bila kumletea aibu. Ukiwa mmoja wao unaitwa kwanza, wakati mwingine bila usaili.

Ila mtazame 2007 huyohuyo. Mwaka ambao Cheese alitoka, alikuwa pia kwenye tamthilia ya House kama Dkt. Jeffrey Cole, Mmormoni mpole anayegombea kazi hospitalini. Muuza unga mwenye kutisha na daktari mcha Mungu, mwaka mmoja. Hapo ndipo penye ujanja: kuwe na rafu mbili kabatini, yaani aina mbili za wahusika. Rafu ya kwanza inakulisha. Ya pili unaijaza kidogo kidogo, hata kwa kazi ya malipo madogo au jukwaani, ili siku ya kwanza ikichoka kuwe na ushahidi wa video na siyo maneno ya "naweza pia kucheza daktari". Jamaa alisomea uigizaji hadi shahada ya uzamili chuo kikuu cha NYU, New York, kwa hiyo rafu ya pili alikuwa nayo kabla hata ya teksi.

Kwa anayetaka kuona lebo ikishikwa maisha yote na ikalipa, asome habari za Walter Brennan. Kazaliwa 1894, kafariki 1974. Alishinda Oscar tatu za mwigizaji msaidizi, kwa filamu za 1936, 1938 na 1940, zote kwa lebo ya mtu mzima wa kijijini, na hiyo ya tatu alikuwa na miaka arobaini na kitu tu. Meno yake mengi yalishatoka kwa ajali, na husimuliwa kwamba mwongozaji akimpa kazi swali lake la kwanza lilikuwa: nije na meno au bila meno? Mzaha huo una akili. Kwa kuweka au kutoa kitu kimoja mdomoni, alikuwa na wazee wawili tofauti wa kuuza.

---

Mkasi_na_Gundi

Nijibu hilo la kuitwa tena, kwa upande wa chumba cha uhariri, maana ndiko nafasi ndogo zinakofia.

Sini ya watu wawili mezani hupigwa hivi kwa kawaida: fremu pana inayowaona wote, halafu juu ya bega la mmoja, juu ya bega la mwingine, kisha sura ya huyu, sura ya yule. Fremu tano. Kila moja teki nne, yaani inarudiwa mara nne, tayari mmesema maneno yaleyale mara 20. Mhariri anaruka kutoka fremu hadi fremu katikati ya sentensi. Ukiwa na kikombe mdomoni kwenye fremu pana, na kwenye fremu ya sura kikombe kiko mezani, hapaunganiki. Stelingi akikosea hivyo, mhariri atahangaika usiku kucha, kwani bila yeye hakuna sini. Ukikosea wewe, dawa ni nyepesi: anabaki kwenye sura ya stelingi na sauti yako inasikika kwa nje. Ulicheza vizuri, lakini haumo.

Kwa hiyo kila tendo lifunge kwenye neno. Chukua mstari huu: "Mwanao alikuja jana, lakini hakuwa peke yake." Vidole vinashika kishikio cha kikombe kwenye *mwanao*. Kikombe kinapanda kwenye *jana*. Pale kwenye mkato ndipo penye funda. Kinashuka kwenye *hakuwa*, na kinagusa kisosi baada ya *yake*, siyo juu ya *yake*, maana mlio wa kikombe ukilikanyaga neno, neno hilo limeharibika. Yaandike haya kwa penseli juu ya mstari kwenye skripti. Kwenye mazoezi ya fremu pana fanya tu kile utakachoweza kukirudia mara 20 bila kufikiri. Watu hujaza mbwembwe teki ya kwanza, wakafurahiwa na seti nzima, halafu teki ya tisa hawakumbuki walikuna shingo kwa mkono gani.

Chai iwe vuguvugu, nusu kikombe, na funda ni la kulowesha ulimi. Mtu wa vifaa akijaza upya mwonyeshe ilikuwa imefika wapi, usimwachie akisie. Chapati chana kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, tafuna, na ikisemwa "kata" tema kwenye ndoo chini ya meza. Ndoo uiombe mapema, hakuna atakayeikumbuka kwa niaba yako. Anayemeza kwa bidii mchana huo atajuta kwenye fremu ya nne, na fremu ya nne au ya tano ndiyo huwa ya sura yake, maana wa pembeni hupigwa mwisho, taa zikiwa zimechoka na watu wanaangalia saa.

Jambo la pili ni kusikiliza. Wakati stelingi anaongea, mhariri anatafuta mahali pa kutoka kwake, na mlango wa karibu ni sura yako. Ukiwa unatikisa kichwa kwa kila neno kama mjusi ukutani, mlango haufunguki. Sikiliza kwa kutulia, wazo libadilike mara moja tu, mahali palepale kila teki. Kabla ya kujibu acha nusu sekunde ili mkasi upate pa kupita. Kwenye fremu za sura usiingilie neno la mwenzako hata kama kwenye fremu pana mlikatizana, mpaka mwongozaji aseme anataka hivyo. Macho nayo: kwa karibu mtu anaweza kutazama jicho moja tu, basi tazama lile lililo upande wa lenzi. Ukihama jicho la kulia kwenda la kushoto, kwenye skrini unaonekana mwongo, hata kama mhusika wako ni sheikh.

Tatu, alama ya sakafuni. Utawekewa utepe wenye umbo la T, kila mtu na rangi yake. Usiutafute kwa macho ukiwa unaingia. Simama juu yake kwanza, geuka, tembea kurudi ulikotokea ukihesabu hatua, na ukifika kumbuka umeishia mguu upi. Hatua saba, mguu wa kushoto. Basi kila teki unaanza na huohuo. Kwa usalama chagua vitu viwili vya kukulinganisha, mfano kona ya meza ikiziba mguu wa kiti cha nyuma. Ukizidi kwa sentimita 15 kwenye lenzi ndefu, ile ya kuvuta karibu, sura yako imeshatoka kwenye fokasi.

La mwisho, daftari. Sini ya 42 inaweza kupigwa Jumatatu na ya 7 Alhamisi. Kwa kila sini yako andika: ni siku gani ya hadithi, unatoka wapi, mkononi una nini, unajua nini na bado hujui nini. Hilo la mwisho wengi hulisahau, wakaingia sini ya 7 na huzuni ya msiba utakaotokea ya 40. Piga picha za simu kabla ya kuvua nguo: mbele, nyuma, viatu, mkono wenye saa, na mikunjo ya mikono ya shati, mara mbili au mara tatu. Kama kuna mtu wa mwendelezo kwenye seti, yaani anayeangalia nguo na vitu visibadilike kati ya teki, mpe shukrani na bado utunze za kwako. Kwenye uzalishaji wa bajeti ndogo kazi hiyo mara nyingi anaifanya mtu huyohuyo anayeshika kibao na kuagiza chakula.

---

FundiSauti_Kariakoo

Naongeza fupi. Kanga mpya na kanzu iliyopigwa wanga ni maadui wa maiki ya kifuani. Kila ukipumua inasikika kama mtu anafungua mfuko wa andazi. Fua mara mbili kabla ya siku ya kazi. Bangili za chuma, funguo, sarafu mfukoni: toa. Maiki hukaa kama kitanga kimoja chini ya kidevu, hivyo usijipige kifua kwa uchungu, jipige paja.

Na msishushe sauti mwisho wa sentensi. Kiswahili kimeweka mzigo mwishoni. "Hakumuua" na "hakumuuzia" zinatofautiana kwenye mkia, na mkia ndio waigizaji wanaumeza.

---

Nyayo_za_Eastlands

Hapa Kenya ukitaka somo la lebo, somo ni Mzee Ojwang'. Jina lake halisi Benson Wanjau, Mkikuyu, na mhusika aliyefanya nchi nzima ikae mbele ya runinga ya taifa, KBC, kutazama vichekesho vya Vitimbi alikuwa Mjaluo. Mama Kayai, yaani Mary Khavere, ndiye mke wake wa kwenye runinga. Alipofariki Julai 2015 watu wengi walilijua jina la Wanjau kupitia tangazo la msiba.

Tofauti yake na Gathegi ni hii. Wahaiti wanne wa Gathegi ni watu wanne, kazi nne, na kila mmoja aliuzwa kwingine. Ojwang' alikuwa mmoja, mhusika yuleyule kwa miaka na miaka. Mhusika akishakuwa mali ya kipindi, ukitoka mlangoni unamwacha ndani. Kwa hiyo mwenye bahati ya mhusika anayependwa asiulize tu analipwa ngapi kwa kipindi. Aulize kama anaruhusiwa kumtumia mhusika huyo kwenye tangazo, jukwaani, kwenye sherehe, na iandikwe.

Kuhusu lafudhi, kwa kuwa imeguswa: kosa la kawaida ni kubeba kila kitu. Unachukua rekodi ya mtu anayeongea kawaida, dakika 20 zinatosha, siyo ya mchekeshaji anayeigiza kabila hilo, maana utakuwa unanakili nakala. Sikiliza na uandike sauti zinazobadilika. Chagua tatu, basi. Kwa msemaji wa Dholuo inaweza kuwa *sh* kuwa *s*, shule ikawa "sule", na mbili nyingine za mwendo wa sentensi: wapi anapanda, wapi anavuta. Kwa mtu wa Pwani anayechezwa na mtu wa bara, shughuli iko kwenye *dh*, *th* na *gh*, halafu kasi. Hizo tatu uzishike toka neno la kwanza la siku ya kwanza hadi la mwisho. Lafudhi inayokuja ukiwa mtulivu na kupotea ukikasirika ndiyo inayofanya watu wa kabila hilo wazime runinga, kuliko hata ile iliyozidishwa. Hasira ndizo za kufanyia mazoezi zaidi: chukua mistari ya kupiga kelele, iseme mara 10 kwa lafudhi kabla ya ile ya polepole.

---

Kigoda_cha_Nyuma

Stelingi hauawi, ila Gathegi wanamuua kila mara hahaha. Twilight kauawa, X-Men kauawa hata bisi hazijaisha.

---

Kabati_la_Barakoa

Twilight ya kwanza hakufa, mkuu. Laurent aliuawa na mbwa mwitu kwenye New Moon, 2009. X-Men: First Class ya 2011 uko sahihi, na ndiyo inauma zaidi: Darwin, mhusika wake, uwezo wake ni mwili kujibadilisha ili usife, halafu yeye ndiye anayeondoka mapema.

Ila msicheke sana, kufa vizuri ni ujuzi unaolipa. Maiti inayopumua huharibu teki ya gharama. Kabla ya kuanza uliza fremu inachukua sekunde ngapi na inakuona kutoka wapi hadi wapi. Vuta pumzi tatu kubwa, toa nusu ya ile ya tatu, ndipo uzuie pumzi hapo. Mapafu yaliyojaa hutetemeka, matupu hukaba. Ikizidi sekunde 30 pumua kwa tumbo taratibu na uombe ulazwe kifua kikiwa kimegeukia kusiko na kamera. Kope zilizofumbwa kwa nguvu hutetemeka, kwa hiyo zilegeze kama mtu anayesinzia kwenye daladala.

---

Risiti_Mkononi

Tuje kwenye pesa, naona mnaizunguka.

Marekani mtu wa pembeni anaishi kwa mambo mawili: malipo ya siku yenye kima cha chini cha chama, na malipo ya marudio kazi ikionyeshwa tena. Chama cha waigizaji kilianza 1933. Mgomo wa 1960 ndio uliofungua mlango wa kulipwa filamu zikiuzwa kwa televisheni. 2023 wakagoma siku 118, kuanzia 14 Julai hadi 9 Novemba, na sababu kubwa ilikuwa kwamba mitandao ya kutazamia filamu kwa kulipia inalipa marudio kiduchu, pamoja na hofu ya nakala za sura zinazotengenezwa na kompyuta. Aliyekuwa anaumia zaidi ni huyu wa pembeni, siyo stelingi, maana stelingi ameshachukua chake mbele. Mwaka huohuo, ili bima ya afya ya chama ikukubali ulihitaji kuwa umeingiza angalau dola 26,470 kwa mwaka, na wanachama wengi sana hawafiki. Kila malipo wakala anakata asilimia 10, na mwenye meneja anakata tena. Kwa hiyo kazi 6 ndogo kwa mwaka zinazorudiwarudiwa zina maana kuliko moja kubwa isiyoonyeshwa tena.

Huku kwetu mguu wa pili, yaani malipo ya marudio, karibu haupo. Kenya kuna chama kinachokusanya kwa niaba ya watendaji, jisajili na uorodheshe kila kazi, kwani wasiyoijua hawawezi kukulipa. Tanzania haki za mtendaji zimo kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ila sheria haikusaidii kama umesaini karatasi inayosema umetoa kila kitu milele. Kwa hiyo karibu pesa yote iko kwenye mkataba wa mwanzo.

Kosa kubwa ni kupatana kwa sini. Tuchukulie sini tatu kwa sh. 150,000. Inasikika kama sh. 50,000 kila moja. Halafu sini ya kwanza ni Bagamoyo, mvua ikanyesha, mkarudi kesho yake. Ya pili stelingi kachelewa, ikaahirishwa. Umetumia siku tano. Ni sh. 30,000 kwa siku, toa nauli na chakula sh. 12,000, umebaki na sh. 18,000. Ukipatana kwa siku kwa sh. 50,000 hiyohiyo, siku tano ni 250,000, na zaidi ya hapo mzalishaji mwenyewe atapata sababu ya kuzipanga sini zako siku moja. Siku ya kuitwa na kusubiri bila kupigwa picha ihesabike, hata kama ni nusu.

Vingine vya kuandikwa: saa za kazi na nini kinatokea zikizidi, nauli, chakula, nguo ni za nani na zikichafuliwa damu bandia nani anafua. Tarehe ya malipo iwe tarehe ya kalenda. "Tutalipa kazi ikiuzwa" ni kukukopa bila kukuambia, maana ikikaa kwenye droo miaka miwili nawe umekaa droo hiyohiyo. Nusu kabla ya siku ya kwanza, nusu siku ya mwisho kabla hujavua nguo za mhusika. Sababu ya kusema kabla hujavua ni kwamba ukishavua hawakuhitaji tena. Wakikata kodi ya zuio, dai cheti. Na jina lako kwenye majina ya mwisho liandikwe herufi kwa herufi kwenye mkataba. Watu wamepoteza ushahidi wa kazi kwa sababu Mwanaidi kaandikwa Mwanahidi.

---

Mchuuzi_wa_Sini

Wakuu, hapa nimeshiba. Moja tu limebaki. Siku hizi usaili wengi wanataka video ya simu. Nini kinawaangusha watu? Na kuna haja ya picha za studio?

---

Kabati_la_Barakoa

Picha: mbili zinatosha, moja ya rafu ya kwanza na moja ya rafu ya pili. Sura ya leo, na nywele za leo. Ukipaka urembo wa harusi utaitwa kwa nafasi ya bibi harusi na ufike ukiwa mama muuza samaki. Kuuza sura ni biashara ya stelingi. Wewe unauza mtu fulani mahususi. Kwenye wasifu andika urefu, lugha na lafudhi unazozimudu kweli, na kazi za mikono: kuendesha lori la gia, kushona, kuogelea, kukaanga mihogo. Hizo za mikono ndizo zinazopita, maana zinaokoa siku ya mafunzo.

Video ya vipande vya kazi isizidi dakika mbili. Sekunde 10 za kwanza ni wewe unaongea, siyo muziki na jina linalozunguka.

Video ya usaili: simu ilale kwa ubavu, isisimame wima, na iwe kwenye kimo cha macho. Fremu kuanzia kifuani hadi juu kidogo ya kichwa. Ukuta mtupu wa kijivu au bluu, nawe usimame kama mita moja mbele yake ili kivuli kianguke chini. Dirisha liwe mbele yako, siyo nyuma. Anayekusomea mistari mingine asimame ubavuni mwa lenzi kabisa, asome bila kuigiza na kwa sauti ya chini kuliko yako, maana yuko karibu na maiki kukuzidi. Usitazame lenzi isipokuwa kwenye utambulisho: jina, urefu, mji ulipo. Mavazi yadokeze tu. Nafasi ya polisi haihitaji sare, shati la rangi moja lililofungwa hadi juu linatosha.

Tuma teki mbili zenye tofauti ya kweli. Wengi hutuma mbili zinazofanana, ya pili ina sauti kubwa tu. Tofauti ni hii: kwenye ya kwanza muuza duka anataka mteja aondoke, kwenye ya pili anataka abaki aendelee kuongea. Maneno hayajabadilika hata moja. Na faili lipe jina lako na la mhusika. VID_0034 haitafutiki.

---

FundiSauti_Kariakoo

Na mzime feni, na friji. Mlio wa friji mtu hausikii mpaka aje kuusikia kwenye rekodi. Funguo za nyumba ziweke ndani ya friji hiyo wakati mnarekodi, ili msitoke mkaiacha imezimwa na samaki wakaharibika.